Mshahara unaisha tarehe 14: bajeti inavunjikia wapi?

Swali: "Ninafanya kazi ya ofisi katika shule moja ya kibinafsi hapa Kisumu, na tunaishi Migosi. Mkononi napokea 42,500, zinaingia kwenye simu. Mume wangu anaendesha tuktuk ya mtu. Akishatoa hesabu ya mwenye tuktuk na pesa za mafuta, anabaki na kati ya 500 na 1,000, kutegemea siku. Tuna watoto watatu. Mkubwa yuko bweni, karo yake ni kama 45,000 kwa mwaka. Wadogo wawili ni wa kutwa. Kila nikilipwa naandika kwenye kitabu: kodi 11,000, chakula 14,000 (yaani 3,500 kwa wiki), nauli 4,000, stima na maji 2,500, gesi 1,500, chama (mchango wa zamu na wenzangu) 3,000, sadaka 1,500, bando 1,000, akiba 4,000. Pesa za mume siziandiki kwa sababu siwezi kuzitegemea. Kufikia tarehe 14 nimeshaanza kuitoa ile akiba, maana michango ya matanga haikosi. Tarehe 20 niko kwenye Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mshahara ukiingia unakatwa kwanza. Sasa hivi Fuliza ni 7,000, programu mbili za mikopo zinanidai 4,500, na duka la jirani 3,500. Zamu yangu ya chama, 30,000, ni mwezi wa tisa. Nilikuwa nimepanga kununua seti ya viti. Nilisoma kuhusu 50/30/20 nikajaribu, nikashindwa. Mume nikimwambia tukae tuongee mambo ya pesa, anasema ana usingizi. Je, shida ni kwamba sina nidhamu? Na niache kitabu nitumie programu ya simu?"

Dada yangu, nimeipitia orodha yako nikitafuta mahali unapotapanya pesa, na sikupaona. Chakula cha 14,000 kwa watu wanne, mkubwa akiwa bweni, ni kama shilingi 117 kwa mtu kwa siku. Hapo hakuna anasa. Kilichonishtua ni kinyume chake: hakuna hata shilingi moja ya nywele zako, ya viatu, ya dawa ya kikohozi. Mtu anayeandika bajeti isiyomtambua yeye mwenyewe bado atasuka nywele, ila pesa zitatoka kwa mboga na kitabu hakitajua.

Kwa hiyo nidhamu unayo. Mtu asiye na nidhamu haandiki kitabu kila mwezi huku akijua kitamwaibisha wiki mbili baadaye. Tatizo ni kwamba umeandika bajeti ya mwezi kwa maisha ambayo hayaendi kwa mwezi. Gharama zako kubwa zinakuja kwa muhula na kwa mwaka. Chakula chako kinaliwa kwa wiki. Mapato ya mume wako yanakuja kwa siku. Kitabu chako kinajua tarehe moja tu, ile ya mshahara.

Tuanze na hiyo 50/30/20, nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa mambo ya kujifurahisha, asilimia 20 akiba. Ilitungwa Marekani kwa ajili ya familia za mapato ya kule. Ukijumlisha kodi ya nyumba, chakula, nauli, stima, maji na gesi unapata 33,000, karibu asilimia 78 ya mshahara wako. Ili hayo yawe nusu, ungehitaji kupokea 66,000 mkononi. Hukuishindwa kanuni hiyo. Haikuwa ya kipimo chako. 50:30:20 inayokuhusu wewe ni ile iliyo kwenye karatasi ya karo: shule za sekondari za umma hapa Kenya kwa kawaida hugawa karo hivyo, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Kwa karo ya 45,000 hiyo ni 22,500 Januari, 13,500 muhula wa pili na 9,000 wa tatu. Nusu ya karo ya mwaka mzima inaangukia mwezi ule ule ambao mmerudi kutoka nyumbani Krismasi mkiwa mikono mitupu.

Na kama unajilaumu kwamba zamani mshahara kama huu ulikuwa unatosha, angalia hati yako ya mshahara. Kwa mshahara ghafi wa 55,000, ambao ndio unaokaribia kukuachia hizo 42,500, makato ya NSSF (hifadhi ya uzeeni) na NHIF (bima ya afya ya wakati huo) kabla ya 2023 yalikuwa 200 na 1,200. Leo NSSF ni asilimia 6, yaani 3,300. Bima ya afya ya SHIF tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75, yaani kama 1,512. Na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 825. Jumla imetoka 1,400 hadi zaidi ya 5,600. Ni kweli makato haya hupunguza kidogo kodi ya mapato, lakini pengo lililobaki ni kubwa. Pesa hizo hukuzila wewe.

Sasa chukua karatasi kubwa, si kile kitabu, uandike miezi kumi na miwili. Nimejaribu kukukisia, utanirekebisha pale ninapokosea. Karo ya bweni 45,000. Kila kufungua shule, sanduku la mkubwa (sabuni, sodo kama ni msichana, vitabu, nauli, pesa za mfukoni) tuseme 5,000 mara tatu, 15,000. Sare, masomo ya ziada na michango ya shule kwa wale wawili wa kutwa, 12,000. Krismasi na safari ya nyumbani, 15,000. Matanga, harusi na harambee kwa wastani wa 1,500 kwa mwezi, 18,000. Matibabu madogo madogo ambayo bima haigusi, 10,000. Nguo, viatu na nywele zako, 5,000, ambazo ni chache mno lakini tuanzie hapo. Jumla ni 120,000. Gawa kwa kumi na mbili: 10,000 kila mwezi.

Wewe umetenga 4,000 ukaziita akiba. Hizo hazijawahi kuwa akiba. Ni karo na matanga yaliyoandikwa jina lisilo lake, tena kwa upungufu wa 6,000. Ndiyo maana unazitoa kabla ya katikati ya mwezi ukiwa na hatia, kana kwamba umeiba, ilhali unalipia jambo lililojulikana tangu Januari. Mtu wa kwetu akifa hatujui lini, lakini kwamba mwaka hautaisha bila matanga, hilo tunalijua sote. Kitu kinachokuja kila mwaka hakistahili kuitwa dharura.

Kuna shimo la pili, dogo lakini la hila. Umegawa chakula mara nne: 3,500 kwa wiki. Mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari peke yake, tena si kila mwaka. Miezi mingine ina siku mbili au tatu zinazobaki bila pesa ya unga, na zinabaki mwishoni, wakati mfuko umekauka. Mwaka una wiki 52. 3,500 mara 52 ni 182,000, na wewe umepanga 14,000 mara 12, yaani 168,000. Tofauti ni 14,000, chakula cha mwezi mzima. Unalisha familia miezi kumi na mitatu kwa bajeti ya kumi na miwili. Kwa mwezi hilo ni kama 1,170.

Jumlisha mashimo yote mawili: 6,000 na 1,170 ni takriban 7,200 kila mwezi. Sasa tazama deni lako la Fuliza. Ni 7,000. Sidhani ni bahati nasibu. Fuliza imekuwa ikijaza, mwezi baada ya mwezi, pengo lile lile ambalo kitabu chako hakikuliona.

Tuseme wazi jinsi Fuliza inavyofanya kazi, maana wengi huiona kama pesa ndogo ya kusukuma siku. Ukitumia zaidi ya ulizonazo kwenye M-Pesa, unalipa asilimia 1 ya kuingilia, kisha ada ya kila siku hadi ulipe, na ada hiyo hupanda kwa ngazi kulingana na kiasi unachodaiwa. Shilingi yoyote ikiingia kwenye simu, iwe mshahara au mia mbili za shangazi, deni linakatwa kwanza. Tuchukue mfano wa ada ya shilingi 20 kwa siku kwa deni la 2,000 (ada halisi za kiasi chako utazikuta kwenye menyu yenyewe, na hubadilika). Ukikaa nalo siku 15 umelipa 300 na zile 20 za kuingilia: 320, yaani asilimia 16 kwa nusu mwezi. Sacco nyingi, yaani vyama vya akiba na mikopo, hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. 2,000 hizo kwa nusu mwezi zingekugharimu kama shilingi 10. Sisemi Fuliza ni mbaya. Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku na boda anataka pesa, ichukue bila kujuta. Lakini kuitumia kununua sukuma wiki kila mwezi kuanzia tarehe 20 ni kununua sukuma kwa bei ya kuku.

Athari kubwa zaidi ni ile uliyoitaja kwa maneno machache: mshahara unafika ukiwa umeshaliwa. Unaandika bajeti ya 42,500 siku ambayo una 35,500. Bajeti hiyo ilikuwa imevunjika kabla hujafungua kalamu.

Basi hizo 7,200 zitoke wapi? Hapa ndipo ninapomhitaji baba watoto.

Unasema huandiki pesa zake kwa sababu huwezi kuzitegemea. Ninakuelewa, ukiandika 1,000 kwa siku utajidanganya. Lakini kuandika sufuri nako ni kujidanganya. Andika kiwango cha chini. Siku mbaya ana 500. Akitoa 300 tu kwa nyumba, abaki na 200 ya chakula cha mchana na simu, kwa siku 24 za kazi ni 7,200. Pengo limefungika. Kwenye karatasi, nakiri. Shule zikifungwa abiria hupungua, na tuktuk ikiharibika siku tatu hakuna kitu. Mafuta nayo: bei mpya hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kawi, kila tarehe 14 ya mwezi na kuanza kutumika siku inayofuata, kwa hiyo nusu ya pili ya mwezi wake inaweza kuwa tofauti kabisa na ya kwanza. Siku ya 1,000 basi zisibaki zote mfukoni. 200 au 300 za ziada ziingie kwenye kopo la siku mbovu.

Namna ya kuzipokea ndiyo muhimu. Usimwombe "mchango" wa mwezi, kwa sababu mtu anayelipwa kwa siku hana mwezi. Pesa ya siku ilipie vitu vya siku: mboga, maziwa, nyanya, omena, unga wa uji, nauli ya watoto asubuhi. Mshahara wako ulipie vitu vya mwezi na vya muhula: kodi, stima, gesi, chama, karo. Hapo kila pesa inatembea kwa mwendo wake. Naye hakupi wewe pesa uzisimamie. Anamiliki fungu lake. Yeye ndiye wa mboga na maziwa, akirudi jioni anapitia Kondele au kwa mama mboga wa mtaa, analeta. Wanaume wengi ninaoketi nao wanakwepa mazungumzo ya pesa kwa sababu wanaogopa kuulizwa "leo umeleta ngapi?" siku ambayo wana mia tatu. Mpe jukumu ambalo hata siku mbaya analiweza.

Kuhusu kuketi naye: usimwite usiku akitoka barabarani, huo usingizi wake huenda ni wa kweli. Tafuta Jumapili baada ya chakula. Usimletee kitabu cha matumizi, kwa sababu kitabu cha matumizi kinanusa mashtaka. Mletee ile karatasi ya mwaka na umwonyeshe Januari tu. "Baba fulani, Januari tunahitaji 22,500 za karo na 5,000 za sanduku. Tunazitoa wapi?" Swali la mtoto wenu ni rahisi kujibiwa kuliko swali la mfuko wake.

Sasa zile 30,000 za chama. Najua viti. Najua pia kwamba wenzako wa chama wakija kwako watakaa pale pale pa zamani, na maneno yatakuwepo. Hata hivyo, kama ni pesa yangu ningelipa kwanza programu mbili za mikopo na Fuliza, 11,500, kisha duka, 3,500. Zinabaki 15,000, na hizo zingekwenda moja kwa moja kwenye karo: 9,000 za muhula wa tatu kama hazijalipwa, na 6,000 kuanza Januari. Duka nimeliweka mwisho kwa sababu jirani yako hakutozi riba, lakini usilisahau. Yule ndiye atakayekupa unga kwa imani siku mambo yakiharibika kweli. Viti visubiri zamu inayofuata. Ukiamua kununua viti hata hivyo, angalau toa zile 11,500 kwanza, utafute viti vya bei iliyobaki kwa mafundi wa mtaani badala ya dukani. Huo si uamuzi ninaoupenda, ila afadhali huo kuliko viti vipya juu ya deni la kila siku.

Ukishamaliza Fuliza, piga *234# ujiondoe, angalau kwa miezi michache. Wengi huniambia hawatajiondoa, watajizuia tu. Sijaona hilo likifanya kazi kwa mtu ambaye amezoea; salio la uongo likionekana kwenye simu, mkono unalihesabu kama pesa. Wapo wanaofikiria kuhamishia mshahara benki ili Fuliza isikate. Usifanye hivyo kabla ya kulipa: deni litabaki pale pale, ada zitaendelea, na ukikawia jina lako linaweza kufikishwa kwenye rekodi za wakopaji, CRB.

Mpaka mwezi wa tisa ufike, kazi yako ni kupunguza tu. Kama mwezi huu uliingia 7,000, mwezi ujao lenga 6,000, kisha 5,000, kadiri fungu la baba watoto linavyoshika mboga.

Kuna swali hukuuliza, nalo linaharibu bajeti nyingi: zile pesa za karo zikae wapi? Zikibaki kwenye M-Pesa ya kawaida hazitafika Januari, huo ndio ukweli. Njia ninayoipenda ni rahisi kuliko zote: lipa karo kabla haijadaiwa. Muulize mhasibu wa shule ya mkubwa kama wanapokea kidogo kidogo kwenye akaunti yao, nyingi hupokea. Tuma 3,750 kila mwezi, weka risiti, na ufikapo Januari barua ya karo itakuwa imepungua. Pesa iliyoko shuleni haiwezi kuombwa na kikundi cha WhatsApp. Hasara yake ni kwamba mtoto akihama, kuirudisha ni kazi. Njia nyingine ni akaunti ya kufunga kwenye M-Shwari, ambayo unaifunga kwa mwezi mmoja hadi sita, au mfuko wa soko la fedha uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambao huchukua siku kadhaa kukurudishia pesa, na kuchelewa huko kwa mtu kama wewe ni faida.

Sacco nayo ningependa ujiunge, ila usiichanganye na hili. Amana za Sacco huwezi kuzitoa unapotaka. Zinakaa kama dhamana ya mkopo, na kwa kawaida unakopeshwa hadi mara tatu yake baada ya kuchanga kwa miezi kadhaa na kupata wadhamini. Hapo ni mahali pa kujenga, si pa kuweka karo ya muhula ujao. Anza ukishatoka kwenye deni, hata kwa 1,000. Hakikisha tu ni Sacco inayosimamiwa na SASRA, msimamizi wa Sacco nchini, ikiwa inapokea akiba za kutoa na kuweka.

Matanga. Kuna washauri watakaokwambia uyakate. Hao hawaishi kwetu. Mtu asiyekwenda matanga leo atazika peke yake kesho, na kila mtu kuanzia Siaya mpaka Vihiga anajua hivyo. Ninachokwambia ni kuwa na fungu la 1,500 kwa mwezi lenye mipaka unayoijua wewe: ndugu wa damu kiasi hiki, jirani na mwenzako wa kazini kiasi kile, na mtu wa mbali unayemjua kwa jina tu kwenye kikundi, maombi na pole. Fungu likiisha, nenda na mikono yako. Aliyeosha vyombo na kupika mpaka saa nne usiku hakuna atakayemuuliza jina lake liko wapi kwenye orodha. Orodha za simu zinazopachikwa kila dakika na majina na kiasi zimetengenezwa ili uone haya, usizisome usiku.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Ukitoa 500 kwa wakala na ukitoa 2,500, ada ni ile ile, shilingi 29 wakati ninapoandika. Anayetoa mara tano analipa 145 kwa kazi ya 29. Toa pesa ya wiki mara moja, Jumatatu, au lipa kwa till ya duka ambapo mlipaji hakatwi. Soko la Kibuye Jumapili ni rahisi kwa vitunguu, viazi na nguo za watoto, lakini ukipanda tuktuk mbili kwenda kununua nyanya za mia umepoteza. Gunia la mahindi la kilo 90 baada ya mavuno ya Trans Nzoia, kati ya Novemba na Januari, huwa bei nafuu kuliko miezi ya Mei na Juni. Lakini linataka pesa nyingi wakati ule ule wa karo, kwa hiyo gawaneni na jirani. Yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, na myaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo mtapata kuvu na sumu yake badala ya unga. Na kwa kuwa unakatwa SHIF kila mwezi, hakikisha mume na watoto wamesajiliwa kwenye SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo, kama wategemezi wako. Nimekutana na watu wanaokatwa wakilipia hospitali taslimu kwa sababu hawakumaliza usajili.

Kuna hali ambazo barua kama hii haitoshi. Ukiona mikopo mipya inachukuliwa kulipa ya zamani kwa miezi mitatu mfululizo, usijaribu peke yako. Mwone afisa wa mikopo wa Sacco au benki ana kwa ana, na orodha ya madeni yote bila kuficha hata moja. Ukikopa kazini, sheria ya ajira ya 2007 inakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mwajiri akikuacha na chini ya theluthi moja, una haki ya kulalamika ofisi ya leba. Mtu wa mikopo akishika kadi yako ya benki, kitambulisho au hati ya shamba la nyumbani, tafuta wakili au ofisi ya msaada wa sheria kabla ya kutia sahihi chochote. Programu ikipigia bosi wako na ndugu zako simu kukutangaza, hiyo si haki yao: wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya namna hiyo. Na kama nyuma ya usingizi wa mume kuna kubeti, au nyuma ya kimya chake kuna mkono unaoinuka ukitaja pesa, basi hili si suala la bajeti tena. Anza na mtu unayemwamini, mchungaji, shangazi, mshauri wa hospitali ya kaunti, na usimwonyeshe karatasi yoyote kabla hujawa salama.

Kitabu usikiache. Programu ya simu itakuonyesha rangi nzuri za pesa zilizokwisha kutumika, na simu yako tayari ina vishawishi vya kutosha. Badilisha tu unachoandika: karatasi ya mwaka ibandike ndani ya mlango wa kabati, na kitabu kiwe cha wiki, Jumatatu hadi Jumapili, mistari mitatu minne, pamoja na ule wa nywele zako. Mwezi wa tisa ukifika, niandikie unieleze kilichobaki baada ya madeni.